Madaktari Wasioshika Sindano

Juma lililopita, katika mkutano wa tawi la chama cha wafanya kazi wa kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam, kijana mmoja alitambulishwa mbele ya watu kuwa ni daktari. Alikuwa amealikwa aje aseme machache juu ya afya kazini. Kabla hajafungua kinywa, mama mmoja mpishi wa kantini aliinuka, akamwonyesha kifundo cha mguu wake kilichovimba, akamwomba amtazame. Kijana akasema kwa haya ya kwamba yeye si daktari wa dawa, bali ni daktari wa falsafa katika saikolojia ya jamii na afya. Mama akaushusha mguu wake taratibu, akauliza: “Sasa, mwanangu, wewe unatibu nini?” Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, lakini jibu lililomtoka lilikuwa refu, lenye maneno ya kigeni, na alipokwisha kusema mama yule alikuwa amekwisha kukaa.

Swali lile lastahili jibu, na lastahili kujibiwa hadharani, kwa kuwa gharama ya kumfikisha kijana yule hapo alipo hakuitoa yeye na wazazi wake peke yao. Toka darasa la kwanza hata shahada ya udaktari wa falsafa ni safari ya miaka 20 na zaidi; na katika safari hiyo mkulima wa pamba wa Shinyanga, mchukuzi wa bandarini na muuza samaki wa Feri wote wamelipa nauli kwa kodi zao. Wanayo haki ya kuuliza abiria wao ameteremka wapi.

Wako ndugu zetu wasemao ya kuwa elimu hii ni anasa ya mataifa yaliyoshiba. Husema: nchi ambayo zahanati zake bado zahitaji wauguzi haina haja ya mtu wa kukaa na kuwauliza wagonjwa wanajisikiaje. Wako na wengine, hasa miongoni mwa wasomi wenyewe, wadhanio ya kuwa shahada ikiisha kutiwa katika fremu na kutundikwa ukutani basi deni lao kwa umma limekwisha, na sasa wao ndio wadai. Sisi hatukubaliani na kundi la kwanza wala la pili.

Kwanza tuelewane juu ya elimu yenyewe. Saikolojia ya jamii huchunguza jinsi mtu anavyobadilika awapo katikati ya watu: anavyofuata mkumbo, anavyoogopa kuchekwa, anavyomwamini huyu na kumtilia shaka yule. Saikolojia ya afya huchunguza kwa nini mtu huyo huyo hujilinda au hujiponza, humeza dawa au huitupa, huenda hospitali mapema au hungoja mpaka abebwe. Mwenye udaktari wa elimu hizi hakufundishwa kupasua wala kuandika dawa. Amefundishwa kupima kwa hesabu mambo ambayo wengi wetu twayakisia tu.

Mtazame mwendesha bodaboda apitaye mbele yako sasa hivi, kofia ngumu ameitundika kwenye usukani. Je, hajui ya kuwa kichwa chake ni laini kuliko lami? Ajua sana, pengine amekwisha kumzika mwenziwe. Mtazame mgonjwa wa shinikizo la damu aachaye vidonge siku ile ile kichwa kinapoacha kumgonga. Mtazame mama mjamzito aendaye kliniki kwa kuchelewa, si kwa sababu hakuisikia redio, bali kwa sababu mara ya mwisho alitolewa maneno makali mbele ya wenziwe. Mtazame kijana wa kiwanda cha saruji avuaye barakoa yake kwa kuwa wenziwe humwita bibi harusi. Hawa wote hawakukosa habari. Tukiwaongezea mabango mengine 100 hatutawabadilisha, tutawapa kivuli tu cha kusimama wakati wa jua.

Habari hii si ya jana. Katika miaka ya 1950 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilipeleka magari yenye mashine za eksirei karibu na makazi ya watu, ili wapigwe picha za kifua na kifua kikuu kigunduliwe mapema. Picha ilikuwa bure, gari lilikuwa mlangoni, na bado watu wengi hawakutoka. Ingekuwa rahisi kusema watu ni wajinga, faili likafungwa. Badala yake idara ile iliwaajiri wanasaikolojia wa jamii, vijana wenye shahada za udaktari, akina Godfrey Hochbaum na Irwin Rosenstock, ikawapa meza na mshahara wa serikali na swali moja: kwa nini hawaji?

Hochbaum aliwahoji watu zaidi ya 1,200 katika miji ya Boston, Cleveland na Detroit, na mwaka 1958 akatoa majibu. Alikuta ya kuwa mtu humwendea mpiga picha akiamini mambo mawili kwa pamoja: kwamba yeye mwenyewe aweza kuupata ugonjwa, na kwamba kuujua mapema kuna faida. Katika kila watu 100 walioyaamini yote mawili, 82 walikuwa wamekwisha kupigwa picha kwa hiari yao. Katika kila 100 wasioamini hata moja, walikuwa 21 tu. Kutokana na kazi hiyo kukatokea nadharia ya imani za afya ambayo mpaka leo hufundishwa katika vyuo vya uuguzi na afya ya jamii duniani kote. Nasi twataka wasomaji waangalie jambo moja: nadharia hiyo ilizaliwa katika ofisi ya serikali, mikononi mwa watumishi wa serikali, kwa ajili ya kazi ya serikali. Chuo kikuu kiliipokea baadaye.

Na sisi tumeyaona. Mwezi wa Julai 2021 dozi zaidi ya milioni 1 za chanjo ya UVIKO-19 ziliwasili nchini, na tarehe 28 ya mwezi huo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya taifa zima. Chanjo ilikuwa bure. Lakini kwa miezi mingi watu hawakujitokeza kama ilivyotarajiwa, na hesabu ilipanda vizuri baada ya wahudumu kutoka vituoni na kwenda nyumba kwa nyumba, masokoni na katika nyumba za ibada, wakazungumza na watu walioaminiwa na watu. Muda uliopotea kabla ya kulitambua hilo una thamani yake. Lau mikoani kungekuwa na watu ambao kazi yao ni kuuliza swali la Hochbaum toka siku ya kwanza, je, tungengoja muda wote ule?

Sasa twende kwa mtu mwingine. Kurt Lewin alikuwa Myahudi aliyekimbia Ujerumani mwaka 1933 Hitler aliposhika dola, akaenda Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nyama ilipoadimika, Serikali ya huko ilitaka akina mama wapike moyo, figo na kongosho, nyama ambazo wao walizidharau. (Msomaji wa Tanzania atacheka, maana kwetu figo hugombewa.) Lewin aliwagawa akina mama katika vikundi. Baadhi walisomewa mhadhara mzuri juu ya faida za nyama hizo na juu ya wajibu wa mwananchi wakati wa vita. Wengine walikaa kwa mviringo, wakazungumza wao kwa wao juu ya vikwazo vya kupika nyama hizo, kisha wakainua mikono kukata shauri. Baadaye walifuatwa majumbani. Waliosomewa mhadhara, waliopika walikuwa 3 katika kila 100. Waliozungumza na kukata shauri pamoja, 32.

Wazee wetu waliokuwako mwaka 1973 watakuwa wamekwisha kukumbuka jambo. Mwaka huo, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wa Tanzania walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaazimia na kwenda kufanya. Walichimba vyoo kwa mamia ya maelfu, wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ndiyo iliyoiandaa, na viongozi wa vikundi walitoka miongoni mwa wananchi wenyewe. Sidhani kama wengi wao walipata kulisikia jina la Lewin. Lakini walifanya kwa nchi nzima jambo ambalo yeye alilifanya kwa vikundi vichache. Na hii ni fahari yetu ambayo vijana wetu wa shahada za juu wangepaswa kuisoma kabla ya kuisoma Iowa.

Kinyume chake nacho tumekiona. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mkoani Mwanza ulianzishwa mradi wa MEMA kwa Vijana, ukajaribiwa katika jumuiya 20: nusu zilipata mafunzo ya shuleni juu ya uzazi na UKIMWI pamoja na huduma zinazowapokea vijana vizuri, nusu zikangoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalikuwa ya ukweli na ya kuumiza. Ujuzi wa vijana uliongezeka sana. Baadhi ya mienendo waliyoieleza kwa vinywa vyao ilibadilika. Lakini damu ilipopimwa, maambukizo ya virusi vya UKIMWI hayakuwa yamepungua. Tunawaheshimu waliofanya kazi ile kwa kuwa hawakuficha. Wametuonyesha kwa gharama kubwa ya kuwa baina ya kujua na kutenda kuna mto, na kwamba kazi ya kujenga daraja ni taaluma inayojitegemea. Hiyo ndiyo taaluma ya yule kijana aliyechekwa kiwandani.

Basi wanakwenda wapi hawa wakiisha kuvikwa joho?

Njia ya kwanza ni chuo kikuu. Humo ngazi zajulikana: Mhadhiri Msaidizi akipata udaktari wake huwa Mhadhiri, kisha Mhadhiri Mwandamizi, kisha Profesa Mshiriki, kisha Profesa. Njia hii ni ya heshima na lazima iwepo, maana bila mwalimu hapana mwanafunzi. Lakini haiwezi kuwatosha wote. Na kipimo cha kupanda humo ni makala zilizochapishwa katika majarida ya wataalamu, kwa Kiingereza mara nyingi, ambayo mganga wa zahanati hayaoni na mwenye kiwanda hayaogopi. Mtu aweza kupanda ngazi zote hizo kwa kuandika juu ya wavuvi wa Ukerewe, na wavuvi wa Ukerewe wasipate kujua kamwe ya kuwa waliandikwa.

Njia ya pili ni miradi ya wafadhili, nayo kwa miaka mingi ndiyo iliyowachukua wengi. Mshahara mzuri, gari, safari za semina. Hatusemi ya kuwa hawakufanya kazi. Wengi wamefanya kazi kubwa katika UKIMWI, kifua kikuu na uzazi. Lakini angalieni msingi wa nyumba hiyo. Mwezi wa Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID likakoma rasmi kufanya kazi zake. Kwa sahihi ya mtu mmoja katika mji wa mbali, miradi ilifungwa katika nchi nyingi, ya Afrika zikiwemo, na watu waliokuwa na kazi Ijumaa hawakuwa nayo Jumatatu. Nani alaumiwe? Fedha zilikuwa zao; walikuwa na haki ya kuzifunga mfukoni. Lawama ni yetu, tuliowaacha wataalamu tuliowasomesha sisi wawe wapangaji katika nyumba ya mwingine, tukajisifu ya kuwa wana makazi.

Njia ya tatu haisemwi sana, nasi tutaisema kwa urefu, kwa sababu ndiyo ya hatari. Ni njia ya mfanya biashara.

John B. Watson alipata udaktari wake Chicago mwaka 1903, akawa mmoja wa wanasaikolojia mashuhuri wa Marekani. Mwaka 1920 alitolewa katika chuo kikuu cha Johns Hopkins kwa sababu ya mambo yake ya nyumbani. Je, alilala njaa? La. Alipokelewa na J. Walter Thompson, kampuni kubwa ya matangazo ya New York, na kufika 1924 alikuwa makamu wa rais wa kampuni hiyo, kwa mshahara uliozidi sana ule wa chuo. Elimu aliyoipata kwa kuchunguza hofu na mapenzi ya mtoto mchanga sasa ilimfaa katika kuuza poda za watoto na krimu za uso. Mwanadamu alikuwa yule yule na elimu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mlipaji.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Hans Eysenck, aliyepata udaktari wake London mwaka 1940, alikuwa mwanasaikolojia mwenye jina kubwa Uingereza. Kwa miaka mingi alitia shaka juu ya sigara kuleta saratani, akashikilia ya kuwa tabia ya mtu ndiyo yenye uzito mkubwa. Na kwa miaka hiyo alipokea fedha za makampuni ya tumbaku. Alifariki mwaka 1997. Mwaka 2019 chuo cha King's College London, baada ya kuchunguza, kilitangaza ya kuwa makala 26 alizoziandika na mwenziwe haziwezi kutegemewa. Mwaka 2019! Wavutaji walioamini makala zile katika miaka ya 1980 na 1990 hawakuwako kuisoma habari hiyo, au baadhi yao hawakuwako.

Nasi hapa, ndugu msomaji, fungua redio asubuhi. Utasikia matangazo ya kamari yaliyotungwa kwa ustadi, yanayomwambia kijana ya kuwa ushindi u karibu, ya kuwa mwenziwe wa mtaa wa pili ameshinda, ya kuwa saa zinakwisha. Fungua simu yako: mkopo u tayari, bonyeza tu, na kule mitaani ndugu zake, mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Usidhani mambo haya yametungwa na watu wasiojua nafsi ya mwanadamu. Mfanya biashara hana shaka hata kidogo juu ya faida ya saikolojia. Hajawahi kuuliza kama ni anasa. Ni sisi tu, upande wa umma, tunaoendelea kuuliza.

Kwa hiyo shauri si kama nchi iwe na wanasaikolojia au isiwe nao. Watakuwako. Shauri ni nani atakayewalipa, na kwa kazi gani.

Wengine wamekwisha kulijibu kwa namna zao. Uingereza, tangu mwaka 2009, jina la mwanasaikolojia wa afya linalindwa na sheria: asiyesajiliwa haruhusiwi kulitumia. Mtu akiisha kusajiliwa hujulikana anafanya nini, hospitali yaweza kumwajiri, na mgonjwa aweza kumshitaki akikosea. Wakati wa UVIKO-19 mwaka 2020 Serikali ya huko iliwaita wataalamu wa mwenendo wa watu waishauri, wakiwemo Susan Michie wa saikolojia ya afya na Stephen Reicher wa saikolojia ya jamii; nao viongozi walipokwenda kombo, wataalamu hao walisema waziwazi, hata magazetini. Mtaalamu wa umma ni huyo. Hakuajiriwa ili aitikie.

Huko Zimbabwe Dixon Chibanda, ambaye ni daktari wa magonjwa ya akili, alianza mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare, Harare, na akina bibi 14. Aliwafundisha kukaa na wagonjwa juu ya benchi la mbao nje ya zahanati, kusikiliza, na kumsaidia mtu kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Matokeo ya jaribio la wagonjwa 573 yalichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za sonona walikuwa pungufu ya 14 katika kila 100 kwa waliokaa kwenye benchi, na karibu 50 katika kila 100 kwa waliopata huduma ya kawaida. Wale wasemao hatuna fedha za kuajiri daktari wa falsafa kwa kila zahanati wasome hapo. Hakuna aliyeomba hivyo. Mtaalamu mmoja mwenye akili ya kufundisha huzaa watendaji 100.

Twapendekeza basi jambo dogo, lenye hesabu fupi. Muungano wetu una mikoa 31. Kila mkoa uwe na daktari mmoja wa saikolojia ya jamii na afya katika timu yake ya afya, mwenye cheo kilichoandikwa katika muundo wa utumishi, mwenye meza, na mwenye amri ya kuwauliza wananchi kabla kampeni haijachapishiwa mabango. Ni watu 31. Sherehe za uzinduzi wa kampeni, na fulana zake, hula fedha nyingi kuliko mishahara yao. Tukikosea, Wizara itusahihishe kwa hesabu na tutaichapa hesabu hiyo katika ukurasa huu huu.

Vyama vya wafanya kazi navyo visisubiri Serikali. Utafiti wa watumishi wa serikali wa London, ulioanza mwaka 1967 kwa wanaume zaidi ya 17,000, ulionyesha ya kuwa watumishi wa daraja la chini kabisa walikufa kwa magonjwa ya moyo karibu mara 3 kuliko wa daraja la juu, na sigara na mafuta ya mwilini havikutosha kuieleza tofauti hiyo. Utafiti wa pili wa watumishi hao, ulioanza mwaka 1985, ulionyesha ya kuwa mtu asiye na sauti juu ya kazi yake, ambaye huamriwa lini aanze na lini apumzike, moyo wake hulipa. Hizi si habari za kuachiwa wenye magauni ya chuo. Hiki ni kifungu cha mkataba wa hali bora. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 tunayo; kofia, glovu na vizima moto twavikagua; lakini hofu, kutukanwa na kunyimwa pumziko havina mkaguzi. Chama cha wafanya kazi kikimwajiri mmoja wa madaktari hawa akapime mambo hayo kiwanda kwa kiwanda, kitakwenda mezani na tarakimu badala ya manung'uniko.

Na kwa madaktari wenyewe tunalo neno. Mwaka 1930 kiwanda cha nguo cha kijiji cha Marienthal, karibu na Vienna, kilifungwa, na karibu kijiji kizima kikakosa kazi. Kikundi cha vijana wasomi, miongoni mwao Marie Jahoda, walikuwa wakitafuta jambo la kuchunguza. Mmoja wao alifikiria kuchunguza jinsi wafanya kazi wanavyotumia saa zao za mapumziko; naye Otto Bauer, kiongozi wa chama cha wafanya kazi cha Austria, akamwambia ya kuwa ni aibu kuuliza juu ya mapumziko wakati watu hawana kazi. Wakaenda Marienthal. Walijiwekea sharti: asiingie mtu kijijini kama mtazamaji tu, kila mmoja awe na kazi ya kuwafaa watu. Wakagawa nguo, wakaleta daktari wa kuwatibu watu bure, wakafundisha kushona. Na kwa njia hiyo waliona ambayo wengine hawakuyaona: ya kuwa watu walipokosa kazi hawakusoma zaidi ingawa saa walikuwa nazo na ada ya maktaba ilikuwa imeondolewa, bali vitabu vilivyoazimwa vilipungua karibu kwa nusu, ya kuwa wanaume walitembea polepole barabarani, wakisimamasimama, kama waliosahau walikokuwa wakienda. Kitabu chao kilitoka mwaka 1933. Jahoda alifungwa gerezani mwaka 1936 kwa siasa zake, akafukuzwa nchini mwake mwaka uliofuata. Na mwaka 1965, baada ya miaka mingi ya kuhama huku na huku, akawa profesa wa saikolojia ya jamii katika chuo kikuu cha Sussex, Uingereza. Ngazi zenu, ndugu madaktari, ni ndefu. Lakini hakuna aliyezipanda kwa kuanzia chini kuliko mama huyo.

Acheni basi kungoja barua ya ajira mkiwa mmekaa. Andikeni kwa Kiswahili. Tokeni nje ya dodoso lenu. Mama Mamie Clark, mwanamke mweusi aliyepata udaktari wa saikolojia Columbia mwaka 1943, alizungushwa New York nzima akitafuta kazi iliyolingana na elimu yake, na sababu alizijua. Mwaka 1946 yeye na mumewe Kenneth walifungua kituo chao wenyewe Harlem kwa ajili ya watoto wa watu wao. Na utafiti wao juu ya watoto na wanasesere ulitajwa mwaka 1954 katika kesi iliyobatilisha ubaguzi wa rangi shuleni Marekani.

Tulisema ya kuwa kijana wa kiwandani hakuwa na jibu. Hiyo si habari yote. Mkutano ulipokwisha alimfuata yule mama kantini, akakaa naye zaidi ya saa nzima, safari hii akisikiliza. Mama alikuwa amekwisha kwenda zahanati mara mbili. Vidonge vya shinikizo la damu alikuwa navyo, ndani ya mkoba, pakiti haijaguswa kwa majuma 6. Vidonge vile, alisema, humpeleka msalani kila mara, na msimamizi wake huhesabu safari za msalani na kuzikata katika mshahara. Kijana amewahoji wapishi na wafungashaji wengine 11 wa kiwanda hicho. 4 wanafanya kama mama. Ameiandika habari hiyo katika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na katibu wa tawi ameitia katika ajenda ya kikao na uongozi wa kiwanda Jumamosi hii, saa 4 asubuhi.